Kazi ya Kukataa: Miaka Yangu 11 Kwenye Kiti cha Meneja Vipindi wa Redio ya Roki

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwa vijana wa utangazaji. Waliokosa kuja wameniomba sana, kwa hiyo nimeiandika vilevile nilivyoongea, zile picha za ukutani nimeziacha.

Habari za asubuhi wapendwa. Shikamooni wakubwa zangu mlioko hapa mbele, na nyie wadogo zangu mliojibanza kule mlangoni sogeeni jamani, viti vipo, koo langu leo limekauka na sitaki mtu aje aniambie baadae hakusikia.

Naanza na swali. Mkiambiwa huyu ni meneja vipindi wa redio ya muziki, mnadhani anafanya nini siku nzima? Jibuni, msijibu kimoyomoyo. Haya, huyu anasema anachagua nyimbo. Yule dada pale? Anasimamia watangazaji. Mwingine? Anagombana na watu wa matangazo ya biashara, sawa, hapo umegusa penyewe. Yote ni kweli, na bado hamjataja mashindano ya zawadi, promo, kukaa na mtangazaji mmoja mmoja mnasikiliza rekodi ya kipindi chake cha jana, kuhakikisha kila saa mpya ikiingia herufi za kituo na jina la mji wake vimetajwa maana FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, inataka hivyo, na kuhakikisha hakuna tusi linalopita hewani kabla ya saa nne usiku, maana kule mwaka 2006 faini ya tusi moja ilipandishwa mpaka dola 325,000. Yote hayo nimeyafanya. Lakini nimekaa kwenye kiti kile miaka 11, kituo cha FM kule Marekani, roki ya kisasa asubuhi mpaka asubuhi, na mtu akinibana niseme kazi yenyewe ni nini kwa neno moja, nitasema kukataa.

Kukataa. Unaingia ofisini unakataa, unatoka umekataa, unalala bado simu za uliowakataa zinakulia kichwani.

Ngoja niwapigie hesabu muone. Wiki ina masaa 168. Ukitoa matangazo na maongezi, saa moja inabeba nyimbo kama 12, kwa hiyo wiki nzima una nafasi kama 2,000. Mnasema hee, nyingi! Subirini. Karibu nusu zinaenda kwa nyimbo za zamani ambazo watu wanazijua kwa moyo, maana hizo ndizo zinazomzuia mtu asihame stesheni. Halafu kuna zile tano sita zinazowaka kwa wakati huo, kila moja inapigwa mara 40 na kitu kwa wiki, hapo 250 zimeondoka. Halafu zile zilizowaka miezi michache nyuma na bado zina nguvu. Halafu za kati. Ukifika chini kabisa umebakiwa na kichumba kidogo cha nyimbo mpya, na kwenye kichumba hicho wiki hii zinaingia mbili, zikizidi sana tatu. Na Jumanne, ambayo kule ndio siku ya vituo kutangaza nyimbo walizoongeza, mezani kwangu kuna nyimbo 25, wiki nyingine 30, na kila moja kuna watu wamekesha studio kwa ajili yake, wamekopa kwa ajili yake, wamegombana na wake zao kwa ajili yake. Sasa niambieni ukweli, mtu anayechukua mbili na kuacha 28, huyo anachagua au anakataa?

Basi tukubaliane hivyo. Na tukikubaliana, swali lililobaki ni moja tu nalo ndilo limenileta hapa: unakataa kwa sababu gani?

Kwa wasioijua hii roki ya kisasa niseme kidogo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 80 redio nyingi za roki Marekani zilikuwa zimeng'ang'ania gitaa lilelile la miaka ya 70. Wakatokea vichwa ngumu wachache, stesheni ya KROQ kule Los Angeles chini ya meneja vipindi Rick Carroll, na ya WLIR kule Long Island jirani na New York, wakaanza kupiga vitu vya Uingereza na bendi changa ambazo redio nyingine hazikutaka hata kuzigusa. Mwaka 1988, mwezi wa tisa, jarida la Billboard likaona hawa watu si wa kupuuzwa, likaanzisha chati yao kabisa, Modern Rock Tracks, na wa kwanza kukaa namba moja walikuwa Siouxsie and the Banshees, bendi ambayo mwanamke ndiye aliyesimama mbele. Hilo la mwanamke mbele lishikeni mkononi, nitakuja kuliomba. Halafu 1991 wakaja Nirvana na albamu yao ya Nevermind, Januari 1992 ikapanda mpaka juu kabisa ya chati ya albamu ya nchi nzima, na kile kilichokuwa cha watu wa pembeni kikawa biashara kubwa, kila mji ukataka stesheni yake. Mimi nilikuja baadae, nikakuta nyumba imeshajengwa, kuta zimeshapigwa rangi, na nikawa naishi humo bila kuuliza nani alijenga ukuta upi na kwa nini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa meneja vipindi kabla yangu, mimi nikiwa mkuu wa muziki chini yake. Siku moja nikamletea wimbo, wimbo nimeupenda mpaka nimekosa usingizi, nimeusikiliza kwenye zile spika kubwa za studio, besi inagonga kifua. Akasikiliza nusu dakika, akatoa diski, akasema twende. Tukashuka ngazi mpaka kwenye maegesho. Gari lake lilikuwa la zamani, spika ya mlango wa kushoto imekufa, dashibodi imepasuka, dirisha la upande wangu limekwama halipandi mpaka juu. Tukaingia barabara kuu, upepo unapiga, lori linapita, akauweka ule wimbo. Ndugu zangu, wimbo haukuwepo! Ile besi yote imebaki studio, sauti ya mwimbaji imezama kwenye upepo kama mtu anaongea ndani ya pipa, kilichobaki ni kichwa cha gitaa kinakwaruza. Akaniambia, "Msikilizaji wako anakaa humu. Hakai studio."

Tulipofika akazima gari, hakushuka. Akasema, ukikataa wimbo wa mtu, andika sababu kwa sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo neno "sijaupenda" lisiwemo. Ukishindwa kuiandika basi wimbo hujausikia, rudi kausikilize tena.

Nikanunua daftari. Ninalo hapa, mnaliona, jalada lilikuwa la bluu sasa hata sijui niite rangi gani, limefungwa na raba. Lilikuja kuwa la kwanza kati ya manne. Kila wimbo niliokataa upo kwenye madaftari hayo, tarehe, jina la bendi, sentensi moja. "Kiitikio kinakuja baada ya dakika mbili, mtu ameshahama." "Wimbo mzuri ila ni nakala ya ule wao wa kwanza." "Gitaa mbili zinagombania sehemu moja, sauti haina pa kukaa." Nilijivunia sana hili daftari, nilidhani ndilo linalonifanya niwe mkweli, na kwa miaka michache ya mwanzo nadhani kweli lilinifanya.

Halafu zikaja namba.

Zamani kampuni ya Arbitron, wale wapimaji wa wasikilizaji wa redio, ilikuwa inawapelekea watu vijitabu, mtu anaandika kwa mkono wiki nzima amesikiliza stesheni gani na saa ngapi. Kwa hiyo sisi kazi yetu ilikuwa kumwimbia jina la kituo mpaka alikumbuke siku anajaza. Halafu 2007, wakianza na Philadelphia na Houston, wakaleta kifaa, kadude kadogo mtu anakavaa kiunoni, kananasa msimbo uliofichwa ndani ya sauti ya redio ambao sikio la binadamu halisikii. Kijitabu kiliandika anachokumbuka mtu, kifaa kinaandika kilichopita masikioni mwake, tofauti hiyo iligeuza kazi yote. Mnajua kwa nini redio nyingi kule zilikuwa zinaweka matangazo karibu na dakika ya 15 na ya 45? Kwa sababu usikilizaji unahesabiwa kwa robo saa, na ili robo ihesabiwe ilibidi mtu akusikilize dakika 5 ndani yake, kwa hiyo ukiyakalisha matangazo mpakani mwa robo mbili kila robo inapoteza kidogo tu na muziki unabaki mrefu pande zote. Arbitron ilinunuliwa na Nielsen, wapimaji wenzao, mwaka 2013, na tangu Januari 2025 zile dakika 5 wamezishusha kuwa 3, kwa hiyo hata ratiba hizo za matangazo zikaanza kupangwa upya.

Kilipofika kwetu kile kifaa nikaanza kupata kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho, mchoro wa dakika kwa dakika. Unaona kabisa, wimbo umeanza, mstari unashuka. Mnaelewa hiyo inamfanya mtu awe vipi? Unakaa asubuhi na kahawa unauangalia mstari kama mgonjwa anavyoangalia majibu ya hospitali. Nilikuwa na wimbo mmoja wa bendi changa ya watu watatu, naupiga asubuhi kabla ya saa tatu. Kila siku ukianza, mstari chini. Siku tatu, siku nne, chini. Nikautoa. Nikaandika humu, na leo naisoma mbele yenu, "Mstari unashuka." Hiyo ndiyo sentensi. Haina jina la ala, haina sauti, haina kiitikio, haina hata sikio.

Wiki mbili baadae kijana aliyekuwa anafanya mazoezi ya kazi kwetu, mwanafunzi wa chuo, kaja na karatasi zake kaziweka mezani pembeni yangu. Kachora mistari ya siku kumi, moja juu ya nyingine. Akasema, bosi, inashuka saa tatu kasoro dakika tano kila siku, hata ile wiki tumepiga wimbo ambao watu wote wanaujua. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Wamefika kazini. Wanazima gari."

Wanazima gari! Watu walikuwa wameegesha, wamechukua mifuko yao, wameingia ofisini, na mimi nikamhukumu mpiga gitaa. Niliurudisha wimbo wa bendi ile kwenye orodha, ndiyo, ila kwa miezi mingi kabla ya hapo nilikuwa nimeshakataa nyimbo kwa sababu ya mistari kama ile na sijui zilikuwa ngapi, na watu wa bendi zile hawakuwahi kujua kwamba kilichowatoa hewani ni saa ya kuingia kazini. Namba ni nzuri, sisemi mzitupe, mtu akiwaambia mzitupe msimsikilize. Lakini namba inakwambia mtu ameondoka, haikwambii ameenda wapi.

Sasa niombe kile nilichowaambia mkishike mkononi.

Nyimbo kule hazipangwi kwa kalamu, zinapangwa na programu, wengi wanatumia Selector, wengine MusicMaster, na kila wimbo una kadi yake humo ndani. Kasi yake, uzito wa gitaa, ni wa mwaka gani, umepigwa mara ngapi. Halafu unaweka sheria: wimbo wa bendi hii usirudi ndani ya dakika kadhaa, nyimbo mbili za polepole zisifuatane, na kadhalika. Nilikuwa na mtangazaji wa usiku, dada mmoja makini sana, anaingia saa moja jioni, na nikaamua kumfundisha kupanga nyimbo maana nilimwona ana sikio. Amekaa kwenye kiti changu, mimi nimesimama nyuma yake, anapitisha kadi moja moja. Akasimama. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Bosi, hii F ni ya nini?"

Nikamwambia hiyo ni "female", yaani mwanamke, mashine isije ikaweka waimbaji wanawake wawili wanaofuatana.

"Kwa nini?"

Nikafungua mdomo. Ndugu zangu, nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nilikuwa nimeikuta ile sheria. Aliyekuwepo kabla yangu aliikuta. Vituo vingine vilikuwa nayo. Wazee wa kazi walisema wasikilizaji wetu ni wanaume vijana na wakisikia sauti mbili za wanawake mfululizo wataona wamepotea stesheni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunionyesha huyo msikilizaji aliyepotea. Akaniuliza tena, kwa upole, sio kwa ugomvi, "Na M iko wapi? Ya wanaume wawili kufuatana?" Haikuwepo.

Usiku ule nilibaki ofisini nikafungua daftari. Nikaanza kutafuta. Mnajua nilichokikuta? "Tayari tunaye mwanamke kwenye orodha." Tarehe, jina, sentensi. Nikafungua ukurasa mwingine. "Wimbo imara, subiri yule mwingine ashuke kwanza." Yule mwingine nani? Mwanamke mwingine. Kwenye kurasa nne tu niliikuta sababu hiyo mara tisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na hakuna mahali nimeandika "tayari tunaye mwanaume." Mimi niliyekuwa najisifu naandika sababu! Nilikuwa naandika kweli, ila sikuwa nasoma nilichoandika.

Na msidhani ni kwetu tu. Ile chati iliyoanza na Siouxsie juu kabisa, mwaka 1996 Tracy Bonham alikaa namba moja, na baada ya hapo hakuna mwanamke anayesimama peke yake aliyefika pale mpaka 2013, alipokuja Lorde, msichana wa miaka 16 kutoka New Zealand. Miaka 17! Mtoto anazaliwa, anasoma, anakaribia kumaliza sekondari, na kwa muda wote huo chati iliyoanza kwa kujiita ya kisasa haina mwanamke peke yake juu. Na alipofika akakaa wiki 7, wakati Alanis Morissette, aliyekuwa anashikilia rekodi hiyo kwa wanawake tangu 1995, alikaa 5. Sasa mtaniambia wasikilizaji hawakutaka? Wasikilizaji hawakupewa. Sisi tuliokuwa kwenye viti ndio tuliosimama mlangoni, kila mmoja na kale ka F kwenye kompyuta yake, kila mmoja akidhani ni kautaratibu tu kadogo.

Niliifuta ile sheria kesho yake asubuhi, ni kama kubonyeza mara mbili tu. Mkubwa wangu akanionya kwamba nitaona kwenye namba. Wiki ya kwanza sikuona kitu, mwezi wa kwanza sikuona kitu, simu za malalamiko hazikulia. Yule dada baadae alikuja kuwa mkuu wa muziki wangu na alinikatalia nyimbo nyingi kwa sababu nzuri.

Nina jambo moja limebaki na ndilo zito kuliko yote, mkiona nasita mnivumilie.

Pesa. Mnajua kule kupokea pesa upige wimbo bila kusema hewani kwamba umelipwa ni jinai, wenyewe wanaita payola, sheria yake ilitungwa 1960 baada ya kashfa kubwa ya watangazaji, faini mpaka dola 10,000 na jela mpaka mwaka mmoja. Na bado haikuisha. Mwaka 2005 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Eliot Spitzer, aliibana kampuni kubwa ya rekodi, Sony BMG, ikakubali kulipa dola milioni 10, na 2007 kampuni nne kubwa za redio zikakubaliana na FCC kulipa milioni 12.5 kwa pamoja. Kwa nini lebo, yaani hizi kampuni za rekodi, zihangaike hivyo? Kwa sababu kule FM haimlipi mwimbaji kwa kupiga rekodi yake, inamlipa mtunzi tu kupitia vyama vinavyokusanya haki za watunzi, ASCAP, BMI na wenzao. Lebo haina inachotudai kwa kupigiwa wimbo. Inachotaka ni masikio ya watu, na masikio yana foleni, na mwenye ufunguo wa foleni ni wewe.

Mimi sikuwahi kupokea bahasha. Nataka mlijue hilo na ni kweli. Lakini kituo chetu kilikuwa na tamasha kila Desemba, kama vituo vingi vya roki kule, bendi saba nane usiku mmoja, tiketi zinauzwa, na mapato ya tamasha lile yalikuwa yanabeba sehemu kubwa ya bajeti yetu ya mwaka. Sasa bendi kubwa bei yake hamuiwezi. Ila lebo inaweza kukuletea. Mwaka mmoja lebo fulani ikatuletea bendi kubwa kwa malipo ambayo hayatoshi hata kusafirisha vyombo vyao. Hakuna aliyesema kitu. Hakuna karatasi. Januari, mtu wa lebo akanipigia ndani ya masaa yangu ya simu, Jumatano saa nane mpaka saa kumi, ndio muda niliowatengea watu wa lebo. Akaniuliza hali ya nyumbani. Akaniuliza tamasha lilikuwaje, nikasema lilikuwa zuri sana. Akasema tuna bendi mpya, singo yake inatoka. Halafu akanyamaza.

Ule ukimya niliusikia vizuri kuliko wimbo wowote niliousikia mwaka ule.

Niliuongeza ule wimbo. Nafasi zilikuwa mbili wiki ile, moja ilikuwa imeshapata mwenyewe, na ya pili nilikuwa nimeshaiamua moyoni, ilikuwa ya vijana wanne wa mji wetu uleule, wametengeneza wimbo kwa pesa za mfukoni, wimbo umesimama, mwenye macho aliona. Nikawatoa. Mpiga gitaa wao akapiga simu kuuliza, kwa heshima kabisa, kuna nini tungeweza kurekebisha? Na mimi nikamwambia, "Ngoma hazisikiki ndani ya gari."

Mnaelewa nilichofanya? Nilichukua maneno ya mwalimu wangu, maneno ya kweli niliyopewa kwenye gari lile bovu, nikayatumia kufunika. Sikuwahi kuuweka wimbo wao kwenye gari. Hata mara moja. Na usiku nikaandika humu, "Ngoma hazisikiki garini," ili daftari nalo lidanganyike.

Miaka ikaenda. Mambo ya redio kule mnayajua, kabla ya 1996 kampuni moja ilikuwa na kikomo cha FM 20 na AM 20 nchi nzima, ikaja sheria mpya ya mawasiliano ikaondoa kikomo cha taifa, vituo vikanunuliwa kama njugu, na kituo kinaweza kugeuzwa kwa siku moja. WHFS, stesheni ya eneo la Washington yenye historia ndefu ya roki, Januari 2005 ghafla ikawa inapiga muziki wa Kilatini. WBCN, stesheni ya roki ya Boston, ikaondoka Agosti 2009. Zamu yetu ikafika. Tuliitwa kwenye chumba cha mikutano saa nne asubuhi, saa sita mchana masafa yalikuwa ya muziki mwingine. Sina kinyongo, masafa yalikuwa na mwenye leseni yake na mwenye leseni si mimi. Niliweka vitu vyangu kwenye boksi, madaftari manne juu, nikaenda nyumbani.

Nilikuwa na muda, nikayasoma yote. Mwanzo mpaka mwisho, wiki nzima. Nikafika kwenye ule ukurasa.

Niliipata namba ya yule mpiga gitaa, haikuwa rahisi, alikuwa ameshahamia mji mwingine. Nikampigia. Nikajitambulisha, akanikumbuka mara moja. Nikamwambia ukweli wote, tamasha, lebo, nafasi ya pili, kwamba ngoma zilikuwa hazina kasoro na kwamba sikuwahi kuupiga wimbo wao kwenye gari. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekata. Halafu akasema, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniuma:

"Tulizirekodi upya mara tatu zile ngoma. Mara ya tatu mpiga ngoma wetu akaacha."

Nikamwomba anitumie wimbo, ule wa kwanza kabisa, kabla hawajaugusa. Akatuma. Nikashuka mpaka kwenye gari langu, nikafungua madirisha yote, nikaingia barabara kuu.

Ninao hapa, na yeye amenipa ruhusa. Ni dakika tatu na sekunde kumi na nane. Fundi, naomba uzime hizi spika kubwa, tumia hii moja ndogo niliyokuja nayo, na nyie mlioko mlangoni fungueni mlango na madirisha yote, kelele za barabarani ziingie. Tuusikilize kwanza, halafu mtaniuliza maswali.